Ushauri: Tatizo liko kwenye fizi, kwa nini wamkate binti yangu nyonga?

Habari yako dokta, pole na majukumu. Huwa nasoma tu majibu yako kimyakimya ila leo imebidi niandike maana hapa nyumbani tumefika mahali hatuelewani kabisa na muda unaenda.

Nina binti wa miaka 9. Alizaliwa na mdomo sungura upande wa kushoto, na kaakaa nalo lilikuwa wazi. Mdomo ulishonwa akiwa mchanga, kaakaa likafungwa wakati anaanza anaanza kutembea, na kwa kweli namshukuru Mungu, anaongea vizuri, hata mgeni anamwelewa, shuleni hana shida. Kilichobaki ni pale juu kwenye fizi chini ya pua. Ukimwinua mdomo unaona fizi haijaungana, kuna kama mfereji na ndani yake kijitundu, akisukutua huku ameinama maji yanamtokea puani, puto hawezi kupuliza maana hewa yote inapitia huko juu, na meno ya eneo hilo yamekaa ovyo, moja limegeuka ubavu, halafu kuna kijino kingine cha ziada kimechomoza kwa ndani karibu na kaakaa na sasa hivi kinacheza kidogo.

Sasa kliniki wameniambia inatakiwa achukuliwe mfupa kwenye nyonga apandikiziwe pale kwenye fizi, na kabla ya hapo avae waya wa kupanua taya kwa miezi kadhaa. Dokta, mi niliishiwa nguvu palepale. Nyonga tena? Mtoto anatembea vizuri, anakimbia, leo akakatwe kiuno kwa ajili ya fizi?

Baba yake kasema hapana, mtoto amekatwa vya kutosha, tusubiri afike miaka 18 aamue mwenyewe. Mama mkwe anasema atakuwa kiwete. Nilimpeleka kwa daktari mwingine wa meno ili nisikie maneno tofauti, yeye akaniambia haya ni mambo ya urembo, akikua atawekewa jino la bandia yaishe. Sasa mkweli ni nani? Na hivi, wale waliomfanyia zile oparesheni za mwanzo walisahau kuuziba huo mfupa au walikosea? Na kama lazima mfupa upatikane si nitoe wangu mimi mama yake, niko tayari hata kesho. Halafu naona kama taya la chini limeanza kutangulia la juu, hilo nalo ni jambo jingine au ni hilohilo? Shemeji yangu yeye anashauri kile kijino tukifunge uzi tukivute kitoke. Mtoto mwenyewe hatujamwambia chochote, tunaongea akishalala.

Naomba unijibu hata kwa ufupi.

Mama mwenye mawazo


JIBU

Dada yangu, pole sana, na kwa ufupi sitaweza, nivumilie. Umenitajia watu wengi wenye maoni hapo, baba yake, bibi yake, daktari wa meno, shemeji, na kila mmoja anaongea kwa kumpenda mtoto, sina shaka na hilo. Ila kuna mmoja hajaulizwa na ndiye anayeamua tarehe, nalo ni jino la chonge. Chonge la juu la kushoto la binti yako sasa hivi limo ndani ya mfupa wa taya, linashuka taratibu, kwa watoto wengi hutoka kwenye miaka 11 au 12 hivi. Njia yake ya kushukia inapita palepale penye ufa. Na penye ufa hakuna mfupa. Jino haliwezi kushuka na kusimama mahali pasipo na mfupa, litakwama, au litatoka kando, au litatoka likiwa upande mmoja wa mzizi uko wazi hauna kinachoushika na baada ya muda litalegea.

Ndiyo maana timu nyingi duniani zinaifanya hii oparesheni mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 11, na hawaangalii keki ya bethidei, wanaangalia eksirei. Wanataka waone mzizi wa chonge umefika kama nusu hadi theluthi mbili ya urefu wake. Hapo jino bado liko juu lakini limeshaanza safari, ukiweka mfupa wakati huo jino linashuka kupitia kwenye mfupa mpya, na likishuka linaufanya ule mfupa uishi, maana mfupa wa taya usio na jino la kuubebesha kazi huwa unapungua wenyewe kidogo kidogo. Kwa hiyo mfupa unalisaidia jino na jino linausaidia mfupa, na hii nafasi inakuja mara moja.

Baba yake anasema wasubiri afike 18. Naomba umwambie kwa heshima kabisa kwamba namwelewa, mzazi aliyeshika mkono wa mtoto anayeingizwa chumba cha upasuaji hasahau. Na akifika 18 inawezekana kupandikiza, watu wazima wanafanyiwa, sitaki wasomaji wengine wenye umri huo wakate tamaa. Lakini wakati huo chonge limeshatoka au limeshakwama, meno ya pembeni ya ufa yameshapoteza mfupa uliokuwa unayashika, uwezekano wa mfupa kushika unakuwa mdogo kuliko kwa mtoto, na mara nyingi lengo linabaki kupata tu mahali pa kupandikiza jino la bandia. Kwa hiyo akisubiri mtoto aamue mwenyewe, atakayeamua akiwa na miaka 18 atakuta chaguo bora lilishapita. Hilo ndilo ningetaka alisikie, hata kama mengine yote ya barua hii hatayasoma.

Na huyo daktari aliyesema ni urembo, hapana, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Angalia ulichoniandikia mwenyewe, maji yanatokea puani. Ule uwazi kati ya mdomo na pua unafungwa kwenye oparesheni hiyohiyo, wanashona kwanza sakafu ya pua, wanaweka mfupa katikati, halafu wanafunika kwa fizi. Mfupa unashikilia meno ya pande zote mbili za ufa. Unainua kidogo kile kitako cha pua cha upande wa kushoto ambacho kwa watoto hawa huwa kimezama kwa kukosa kitu cha kukalia. Na unaliunganisha taya la juu liwe kipande kimoja, maana sasa hivi taya la binti yako kwa mbele limegawanyika, kuna kipande kikubwa na kipande kidogo, kila kimoja kivyake. Uso kupendeza ni faida pia na sioni aibu kuitaja, mtoto ana haki ya kuupenda uso wake, ila haiko peke yake.

Sasa kuhusu waliomfanyia mwanzo, naomba uwaondoe lawama moyoni. Hawakusahau. Zamani, miaka ya 1950 na 1960, kulikuwa na madaktari waliokuwa wanapandikiza mfupa mtoto akiwa bado mchanga kabisa, wakidhani wanamaliza kazi mapema, baadaye watoto wale walipokua ikaonekana taya la juu limedumaa, uso wa katikati umebaki nyuma, kwa hiyo sehemu nyingi wakaacha. Mwaka 1972 Boyne na Sands kule Marekani wakaandika kuhusu kusubiri mpaka mtoto awe na mchanganyiko wa meno ya utoto na ya ukubwani, ndipo achukuliwe mfupa laini wa nyonga. Kule Oslo timu ya Bergland, Semb na Åbyholm wakawafuatilia watoto wao na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba waliopandikizwa kabla chonge halijatoka mfupa wao ulikaa vizuri kuliko waliochelewa. Mpaka miaka 8 hivi upana wa taya la juu kwa mbele unakuwa umeshakua sehemu kubwa, kwa hiyo kisu cha umri huo hakiharibu ukuaji kama kile cha uchangani. Kwa kifupi wale madaktari wako wa kwanza waliacha ufa wa mfupa makusudi, wakikungojea wewe na mtoto mfike hapa mlipo. Walichokosa labda ni kukuambia mapema, na hilo kwa kweli tunalikosea sana sisi watu wa hospitali, mzazi anaondoka akijua yameisha kumbe kuna sura nyingine mbele.

Haya, nyonga. Najua hapa ndipo moyo wako ulipo.

Hawakati nyonga kwa maana unayoiwaza, ile ya kiungo cha mguu. Weka mkono kiunoni kwako, pale mkanda unapokaa, utagusa ukingo mgumu wa mfupa, ndio huo. Uko mbali na mahali mguu unapozungukia. Daktari anachana ngozi sentimita chache pembeni kidogo ya ukingo huo, kwa mtoto kuna kofia ya gegedu juu ya mfupa ambayo bado inakua, anaifungua kwa uangalifu kama kifuniko na kuirudisha mwisho ili ukuaji usiguswe, halafu kwa ndani anachota kwa kijiko cha upasuaji ule mfupa laini wenye uboho. Kinachotoka ni punje nyekundu zenye unyevu, kama mchanga mbichi, kiasi kidogo tu kinachotosha ufa. Punje zile zinashindiliwa pale kwenye fizi na kufunikwa. Hakuna chuma, hakuna skrubu. Ganda gumu la mfupa wa nyonga linabaki mahali pake na pale palipochotwa panajijaza.

Kuwa kiwete, hapana, mwambie mama asiwe na hofu. Atachechemea, hilo kweli, na ujiandae, watoto wengi wanalalamikia nyonga kuliko mdomo. Siku ya kwanza au ya pili wanamsimamisha, anatembea kwa kuegemea, siku chache za mwanzo ngazi zinamtesa, na wengi ndani ya wiki mbili wanatembea kawaida. Michezo ya kukimbia na kurukaruka mnasubiri kama wiki 6. Hatari zipo na timu yako lazima wakuambie kabla hujasaini: damu kujikusanya kwenye kidonda, usaha, ganzi ya ngozi upande wa paja ambayo mara nyingi huisha, na kwa nadra sana mfupa kupata ufa. Kwa upande wa mdomo kinachotusumbua zaidi ni kidonda kufunguka na punje kutoka, au mfupa kushika nusu tu na kuhitaji kurudiwa. Sio wote wanafanikiwa mara ya kwanza, ila kwa umri wa binti yako walio wengi wanafanikiwa.

Mfupa wako wewe mama, umenigusa hapo. Hauwezekani, mwili wake utazikataa chembe hai zako. Ubora wa mfupa wake mwenyewe ni kwamba unaingia ukiwa hai, una chembe zinazojenga mfupa, mishipa ya damu inaingia upesi, baada ya miezi kadhaa unageuka kuwa taya. Kuna timu zinachukua kwenye kidevu, kwenye mfupa wa mguu chini ya goti au kwenye fuvu, na kuna vya kutengenezwa maabara pia vinavyotumika sehemu nyingine, uliza wanachotumia wao na kwa nini, ila mfupa laini wa nyonga ndio ambao umetumika muda mrefu na vingine vyote vinapimwa kwa kulinganishwa nao.

Waya wa kupanua ni kwa sababu kile kipande kidogo cha taya huwa kimeangukia ndani, meno ya juu yanauma ndani ya yale ya chini. Wanakisukuma nje kwanza ili taya likae umbo lake, ufa utaonekana umepanuka, usishtuke, ndivyo daktari anavyopata nafasi ya kuingia na kushona vizuri kule juu. Kipindi hicho chote kazi yako wewe ni meno. Jino lililooza lizibwe kabla, fizi ziwe safi, apige mswaki mpaka kwenye kona za ule waya, maana uchafu wa mdomo ndio adui namba moja wa mfupa mpya. Na akiwa na mafua makali tarehe ya oparesheni ikifika piga simu useme, wataahirisha na ni sawa.

Baada ya oparesheni ni vyakula vya maji kwanza halafu vilaini kwa wiki kadhaa, timu itakuambia wao wanahesabu vipi. Mrija hapana kwa sababu ya ule mvuto. Kupenga kamasi hapana kwa wiki mbili za mwanzo au zaidi, na akitaka kupiga chafya apige mdomo wazi, mfundisheni kabla, mfanye mazoezi hata kwa kucheza, maana chafya ya mdomo kufungwa inasukuma hewa moja kwa moja kwenye mshono. Ulimi nao, watoto hawa wamezoea kuchokonoa lile tundu kwa ulimi miaka yote, mkono unaweza kuushika ila ulimi ni yeye mwenyewe tu anaweza kuuzuia. Na kama nyumbani kuna anayevuta sigara avutie nje kabisa. Kama miezi 6 baadaye watapiga picha kuangalia mfupa umejaa kiasi gani, na daktari wa kupanga meno anaendelea na yake.

Kwa sababu hiyo ya ulimi na chafya ndiyo maana nasema acheni kuongea akishalala. Miaka 9 ni mkubwa. Anajua kuna kitu, anasikia mnavyonyamaza akiingia. Mwambieni wote wawili, wewe na baba yake, kwa maneno ya kawaida, na lile la nyonga lisiachwe nyuma. Nimeona watoto wanaamka kutoka kwenye nusu kaputi wanashika kiuno wanalia kwa hasira kuliko maumivu, kwa sababu waliambiwa ni mdomo tu, na baada ya hapo nesi akija na dawa hawamwamini. Mtoto aliyeambiwa ukweli anauliza maswali ya ajabu ajabu, kama mfupa ukitolewa shimo litabaki, kama jino jipya litajua ni la kwake, mjibuni, msiyojua muandike mkamuulizie daktari mbele yake. Mpeni pia kitu cha kuamua, nyonga ya upande gani mara nyingi daktari hajali, kushoto au kulia achague yeye.

Taya la chini kutangulia. Mara nyingi tatizo ni la juu kubaki nyuma, makovu ya kaakaa yanalivuta lisikue mbele vya kutosha. Haliko mbali na hili tunaloongea lakini lina wakati wake. Sio wote wanahitaji oparesheni ya taya, wengine waya unatosha. Wanaohitaji wanafanyiwa wakimaliza kukua, mabinti kwenye miaka 16 hivi, wavulana baadaye kidogo, taya la juu linatenganishwa na kusogezwa mbele, oparesheni inaitwa Le Fort namba moja kwa jina la daktari Mfaransa aliyechora mistari ya kuvunjika uso mwaka 1901. Kukiwa na umbali mkubwa wa kusogeza kuna njia ya kuvuta polepole kwa kifaa, kama milimita moja kwa siku. Na hapa mfupa wa sasa unarudi tena kwenye hesabu, kwa sababu taya lililounganishwa linasogezwa kama kitu kimoja, lisilounganishwa linasumbua. Siku hiyo ikifika ulizeni pia kuhusu sauti, kaakaa linaposogea mbele sauti inaweza kuanza kutokea puani, mtaalamu wa matamshi ampime kabla.

Kwa baba yake, usibebe wewe hoja zangu ukamwekee mezani usiku, itakuwa mabishano. Ombeni miadi nyingine mwende wote, na mkifika muombe kitu kimoja, muonyeshwe eksirei ya taya zima na daktari aweke kidole kwenye chonge la kushoto na kwenye ufa. Mwanaume akishaona jino la mwanae linaning'inia juu ya pengo hahitaji maneno mengi. Hapo aulize maswali yake yote, hata ya hasira. Muulize na timu wanafanya hizi oparesheni mara ngapi kwa mwaka, mfupa usiposhika wanafanyaje, na nani atamfuatilia mpaka chonge litoke.

Shemeji ndiye ninayetaka umwahi leo. Uzi hapana, tafadhali. Meno yanayopakana na ufa yameshikwa na ukuta mwembamba mno wa mfupa, ukivuta ovyo unaweza kuondoka na ukuta huo ambao daktari anautegemea kuegemeza mfupa mpya. Hata kwa yule daktari wa meno mwingine usimpeleke kung'olewa. Mara nyingi kijino cha ziada kama hicho timu hukitoa wenyewe wiki kadhaa kabla ya kupandikiza, ili fizi ipone na wapate ngozi nzuri ya kufunikia, na pengine wakakiacha kwa muda kwa sababu zao. Piga simu kliniki uwaambie kimeanza kucheza, waulize wamuone lini, na kikidondoka chenyewe kabla ya siku hiyo asukutue kwa maji ya chumvi kidogo, uandike tarehe uwapelekee.